Malewa na chungu cha nyumbani: tusimhukumu mama asiye na kosa

Kila mara tunapokutana kuzungumza juu ya mila zetu, hapa Lubumbashi, kuna mtu mmoja atasimama, mara nyingi tata mmoja mwenye elimu na koti nzuri, na kusema kwamba malewa ndiyo iliyovunja nyumba zetu. Atasema: zamani bibi alipika, bwana alikula, watoto walikula, jamaa ilikuwa jamaa. Leo kila mtu anajilisha kwa njia yake, chini ya hema, juu ya mbao ndefu, bega kwa bega na mtu asiyemjua, na bibi zetu wamekuwa wavivu wa kusonga bukari. Watu wanapiga makofi. Tunatoka kwenye mkutano, jua limefika katikati, na msemaji yule yule tunamkuta malewa, mikono amekwisha kunawa, anamwambia mpishi: "Mama, leo uko na sombe? Unitilie na kapenta kidogo, na basela usisahau."

Tumbo lake hatulicheki. Njaa ya saa sita haiulizi diploma. Tunabishana na hotuba yake, kwa sababu imezoeleka mno: inarudiwa kanisani, harusini, hata katika vijitabu kama hiki, na kila mara inaishia kwa mtu mmoja wa kulaumiwa, ndiye mwanamke. Ama yule anayepika barabarani, ama yule asiyepika nyumbani. Sisi tunasema lawama hiyo imekosa anwani, na tutaeleza ni wapi ilipaswa kupelekwa.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Malewa ni resto ya mtaa: mama mmoja au wawili, mbabula mbili tatu, sufuria kubwa, beseni ya kunawia, sahani za bati, na wateja wanaokula haraka na kurudi kazini. Jina lilitoka Kinshasa, na mwaka 2009 mwanamuziki Werrason alilitia katika masikio ya kila mtu kwa "Techno Malewa" yake. Lakini kitu chenyewe ni cha zamani kuliko jina. Nenda soko la Kenya, nenda Katuba, Ruashi, Kamalondo, nenda mbele ya majengo ya chuo kikuu: hutakosa pahali pa kula kabla hujakosa pahali pa kukaa.

Sasa tuulize: hiyo "zamani" ambayo msemaji wetu anaililia ni zamani gani? Kama ni zamani ya kijiji, basi ameisahau. Katika vijiji vingi vya kusini-mashariki ya Katanga, kwa Wabemba, Walamba na majirani zao, wanaume hawakula ndani ya nyumba. Walikula kwenye nsaka, kibanda kisicho na ukuta, katikati ya watu. Mama Mwingereza Audrey Richards, aliyekaa kati ya Wabemba wa ng'ambo ya mpaka katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu kikubwa juu ya chakula chao mwaka 1939, aliyaona na kuyaandika mambo hayo: wanaume pamoja, wanawake na watoto wadogo pamoja, na vyungu vinatembea toka mlango huu hadi mlango ule. Kula nje, mbele ya macho ya wengine, pamoja na mtu ambaye si wa mlango wako, hiyo ndiyo mila. Meza ya familia yenye baba kichwani, mama pembeni na watoto wanne kimya, tuliiona katika picha za vitabu vya shule ya masista.

Na kama ni zamani ya mji, mambo ni wazi zaidi. Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville ukaanza mwaka 1910, na wafanyakazi wa kwanza waliletwa kama wanaume peke yao, bila bibi, kwa muda mfupi. Walikufa mingi, walikimbia mingi. Ndipo kampuni, kuanzia mwaka 1928 hivi, ikageuza siasa yake: ikataka mfanyakazi akae na bibi na watoto kambini, apate nguvu, asitoroke. Bibi alipewa kazi ya kupika. Posho iligawanywa kila juma: unga, mafuta, samaki, chumvi, kwa kipimo, kwa hesabu ya vichwa. Kukawa na nyumba za kufundishia wanawake kushona, kuosha mtoto, kupika namna mabwana walivyopenda. Mwana-historia wetu Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi amezieleza siku hizo vizuri, hasa katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Wana-Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Kwa hiyo bibi anayebaki nyumbani kumngojea bwana na sahani ya moto, jinsi msemaji wetu anavyomwota, ni mtoto wa kampuni kuliko mtoto wa babu zetu. Hatusemi maisha yale yalikuwa mabaya. Wazee wetu wanayasifu mpaka leo, na wana haki. Tunasema tu yasiitwe mila ya mababu.

Halafu baba akafa. Miaka ya 1990 kila mmoja wetu anaikumbuka: migodi ilianguka, mishahara ikapotea miezi na miezi, posho ikakatika. Mwaka 2003 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa ile iliyoitwa "kuondoka kwa hiari", na feza ya kuondoka, kwa wengi, haikumaliza mwaka. Nani aliyelisha mji huu wakati huo? Bamama. Walitoka na beseni kichwani, waliuza mandazi, karanga, makala kwa vifungu, unga kwa meka, na wengine walipiga mbabula barabarani wakaanza kupika. Watoto wa wafanyakazi waliosoma, na kati yao wasemaji wenye koti nzuri, minerval yao ililipwa na sombe iliyouzwa sahani kwa sahani. Leo mtoto huyo amekuwa mkubwa, anasimama mbele ya kipaza sauti na kusema malewa imeua mila. Kwetu hilo ni deni lisilolipwa.

Lakini tuje kwenye chakula chenyewe, maana mila ya kula si pahali tu, ni kitu kilicho ndani ya sahani. Hapo ndipo hotuba ya msemaji inavunjika kabisa. Ingia nyumba za wasomi wetu, zile zenye friji na meza ya kioo, uangalie kinachopikwa siku za juma. Wali wa gunia lililotoka Azia. Spageti. Kuku wa barafu aliyekufa miezi mingi nyuma katika nchi ambayo hatujaiona. Tompson aliyevuliwa bahari ya Namibia. Mayoneze juu ya kila kitu. Tomati ya kopo wakati nyanya za Kafubu zinaoza sokoni. Mtoto wa nyumba hiyo ukimpa lengalenga anakunja uso. Ukimwonyesha vinkubala anapiga kelele kana kwamba umemtupia nyoka. Na kikanda? Anakula akidhani ni nyama iliyotoka Ulaya!

Kikanda, kwa vijana wanaosoma hapa, ni mizizi ya maua ya porini ya aina ya orkide, inayochimbwa mbugani, inakaushwa, inatwangwa, inachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, inapikwa mpaka inashikamana kama mkate, halafu inakatwa vipande. Ni kazi ya mikono inayojua. Bukari inaweza kufundishwa kwa siku tatu, kikanda, hapana. Nani anayeitengeneza leo Lubumbashi? Ni bamama wa masoko na wa malewa. Nani anayejua kupika bowa wa mvua za Desemba na Januari bila kuwachafua mchanga, na kuwatenganisha na wale wenye sumu? Ni hao hao, na wale wanaowaletea toka pori. François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi katika pori letu la miombo, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya pori hilo: matunda, uyoga, vinkubala, asali, mizizi, majani. Ukikifungua utaona utajiri wa ajabu. Ukitaka kuuonja utajiri huo usiende kwa profesa, kwake utapewa biskuti. Nenda malewa wakati wa mvua.

Tuchukue sombe peke yake. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Lazima yatwangwe vizuri, yachemshwe kwa muda mrefu, ndipo yapokee mafuta ya ngazi au karanga, kitunguu, samaki ya kukauka. Moto wa saa mbili, saa tatu. Bibi anayefanya kazi biro, anayetoka kazini saa kumi na moja na kupanda basi mpaka Kasapa au Golf, atapika sombe saa ngapi? Na kwa makala gani? Makala yanatoka mbali kila mwaka zaidi, kwa sababu pori la karibu tumelimaliza, kila mtu anayaona magunia yakipangwa kando ya barabara ya Likasi na ya Kasenga. Mbabula arobaini kwa nyumba arobaini zinakula miti kuliko sufuria moja kubwa ya mama malewa inayolisha watu arobaini. Hilo ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Anayependa pori la mababu angeanza kulihesabu hapo.

Tusimpambe mama malewa kupita kiasi. Naye anapika tompson, kwa sababu ni bei nafuu. Naye anatupa kibe cha supu ndani ya sombe, na sombe nzuri haina haja nacho. Tumemwambia, anacheka tu, anasema wateja wanakiomba. Na bukari yetu yenyewe, hii tunayoiita chakula cha nchi, unga wake mingi unapita Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame mkubwa ulipoipiga Zambia, unga ulipanda bei hapa, malewa na nyumbani sawasawa, na tonge likawa dogo kote kote. Tena mahindi ni mgeni aliyetoka Amerika, kama muhogo. Mababu wa mababu zetu walisonga bukari ya masaka na ya male. Kwa hiyo tukisema "chakula cha kwetu", tusikiseme kwa kiburi kisicho na elimu. Cha kwetu ni kile ambacho mikono yetu imekijua kwa muda mrefu, udongo wetu unakizaa, na mtu wa karibu anapata feza yake akikiuza. Kwa kipimo hicho, sahani ya malewa inashinda meza ya kioo mara tatu kwa nne.

Watatujibu: malewa ni uchafu. Ndiyo, kuna malewa chafu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kipindupindu kilipoingia Likasi na Lubumbashi, wakubwa walikimbilia wapi? Kwa bamama wa barabarani, kuvunja vibanda. Lakini kipindupindu kinatembea ndani ya maji, na maji ya malewa ndiyo maji ya mtaa: bomba lile lile linalokauka, kisima kile kile kilichochimbwa karibu na choo. Nyumba zilizopatwa hazikuwa zimekula malewa zote. Ukimpa mama malewa maji safi na sabuni, atanawisha watu mia kwa siku, jambo ambalo hakuna nyumba inafanya. Na kama tunataka kweli kuzungumza juu ya sumu katika chakula, tuzungumze juu ya mboga zinazopandwa karibu na viwanda na mito inayopokea maji ya migodi. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitoa matokeo yaliyoonyesha kobalti na metali nyingine nyingi mno katika miili ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Matembele ya namna hiyo yakiingia nyumbani kwa profesa, chungu chake cha inox hakiyatakasi. Lakini kumpigia kelele mama wa mbabula ni rahisi kuliko kumpigia kelele mwenye kiwanda. Mama hana avoka.

Tumefika sasa kwenye jambo linalotufanya tuandike, na hapa tutasema bila kuzungusha.

Katika nyumba nyingi za mji huu, tangu miaka ile ya taabu, watu wamezoea kula mara moja kwa siku, jioni. Asubuhi chai kama ipo. Saa sita, watoto wanarudi toka shule na kukuta mbabula baridi. Mama anawaambia wangoje. Kitabu *Byakula*, kilichosimamiwa na Pierre Petit pamoja na watafiti wa hapa Lubumbashi na kutolewa mwaka 2004, kinaeleza kwa urefu namna nyumba za mji huu zinavyokula na kutokula. Jina lake la Kiswahili chetu linatosha kuonyesha kwamba waliuliza watu wenyewe. Sasa, saa ile ile ya sita, baba wa nyumba hiyo yuko wapi? Yuko malewa. Anakula bukari mbili na samaki. Hatumkatazi kula, amefanya kazi, mwili unadai. Lakini feza aliyoacha nyumbani asubuhi ni kiasi gani? Mara nyingi ni chini ya ile anayoilipa malewa kwa sahani moja, kisha chupa moja. Na jioni anarudi, anakuta sahani yake imewekewa kipande kikubwa, kwa heshima, kwa mila, maana tumefundishwa kwamba baba analiwekewa fungu lake. Anakula mara ya pili. Mtoto anamwangalia.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo mila inavunjika, na aliyeivunja anavaa suruali.

Nsaka ilikuwa na sheria. Chakula kilichofika nsaka kilitoka mlangoni mwa bibi, kwenye chungu ambacho watoto wake nao walikuwa wamekwisha kupakuliwa. Mwanaume alikula nje, lakini hakuweza kula nje ikiwa ndani hakuna moto, kwa sababu kilichokuwa ndani ndicho kilichokuja nje. Asiyeletewa kitu alionekana. Wenzake walijua, na aibu ilikuwa yake kwanza, kwa sababu labda hakulima, hakuvua, hakuwinda. Malewa imetunza nusu ya nsaka: kukaa pamoja, maneno, kicheko, mgeni kupata tonge. Nusu ya pili, kamba inayounganisha sahani ya nje na chungu cha ndani, imekatwa. Leo mwanaume anaweza kushiba barabarani kila siku ya Mungu na hakuna anayejua kama kwake kumewashwa mbabula. Mama malewa hawezi kumuuliza. Angemuuliza, angepoteza mteja.

Kuna wanaotuambia hivi: "Munasema ivi juu munataka kufurahisha bamama. Mutu anatumika, anakula feza yake." Feza yake? Mwanaume aliyeoa, aliyetoa mali kwa wakwe, aliyesimama mbele ya wazee wa pande mbili, hana feza yake ya chakula. Ana feza ya chungu, na yeye ni mmoja wa wanaokula katika chungu hicho. Waulizeni wazee wa jamaa zenu kama tunasema uongo. Wanapoitwa kusuluhisha bwana na bibi, swali lao la kwanza bado ni lile lile: "Anakulishaka?" Hawaulizi: "Anakulaka wapi?"

Upande wa pili kuna vijana, hasa wale wanaokaa peke yao kwa ajili ya masomo au ya kazi ya migodi, ambao wanatuambia kupika ni hasara. Makala bei, mafuta bei, muda hakuna. Malewa kila siku, imekwisha. Kwa mtu mmoja ndani ya chumba kimoja hatuna la kubishana, hesabu ni yake. Lakini tunaona vijana hao wakioa, na bibi naye amekulia malewa, na ndani ya nyumba mpya hakuna anayejua sombe inaingizwa mafuta wakati gani. Hapo tunaogopa. Kuna mambo ambayo malewa haiwezi kufundisha hata ikitaka. Malewa kila mtu na sahani yake, na aliyelipa zaidi anakula zaidi. Ndiyo sheria ya biashara. Kwenye sahani moja ya nyumbani mtoto anajifunza kumngoja mkubwa anawe kwanza, kuchukua tonge upande wake bila kuvuka, kumwachia mdogo wake samaki wa mwisho, kumtolea mgeni firigisi ya kuku bila kuambiwa. Hakuna masomo ya uraia yanayofika hapo. Nyumba ikipika hata siku tatu kwa juma, mboga ya kawaida tu, matembele na bukari, watoto wakizunguka, inatosha kuwapa hayo. Wali na kuku wa Jumapili mbele ya televisheni, kila mmoja na sahani yake juu ya magoti, havitoi hayo, hata vikipikwa na bibi mwenyewe katika jiko la dolari elfu.

Tena kuna jambo moja ambalo watetezi wa malewa, nasi tukiwemo, hatulisemi vya kutosha. Mama anayelisha watu arobaini anaamka saa kumi ya usiku. Anaacha nyumba. Nani anapika kwake? Binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye siku nyingine haendi shule juu ya hiyo. Faida ya siku inagawanyika: ya muuza unga, ya muuza makala, ya kitemo, ya wale wanaopita na vikaratasi vya kodi, na mara nyingi ya bwana anayekuja jioni kuulizia "mauzo". Wanaosema mama malewa ameacha nyumba yake wangemwendea bwana huyo. Mikono yake iko mizima, binti wa miaka kumi na miwili anaweza kusonga bukari, na yeye pia anaweza. Haijaandikwa popote katika mila zetu kwamba mwanaume akishika mwiko atakufa. Wavuvi wa Luapula wanajipikia kambini miezi mizima, wawindaji walijipikia porini, wapishi wa wazungu wote wa Elisabethville walikuwa wanaume, na walirudi nyumbani wakajifanya hawajui kuwasha moto.

Tumalizie na sisi wenyewe wa vyama vya mila, maana ni rahisi kupiga kelele kwa wengine. Siku za sikukuu zetu tunavaa raphia, tunapiga ngoma, tunasoma hotuba juu ya mababu, halafu tunafungua sahani: wali, viazi vya kukaanga, kuku wa barafu, saladi ya mayoneze, na soda. Bukari inawekwa pembeni kidogo, "kwa wazee". Munkoyo hauonekani. Wanaopika ni watu wa huduma za harusi waliokodishwa kwa dolari nyingi, na mama malewa anayeuza mita mia kutoka ukumbi anaombwa asogeze mbabula yake, moshi unasumbua wageni.

Wamoja wetu walipopendekeza kwenye kamati kwamba mara ijayo karamu ipikwe na bamama watano wa soko la Kenya, kwa vyakula vya msimu tu, jibu lilikuwa: "Bageni batasema nini?" Tukaangalia orodha ya wageni. Walitoka Kasenga, Sakania, Pweto, Mitwaba. Pendekezo liko bado mezani na sikukuu itaangukia wakati wa bowa. Bamama wamekubali bei, wanaomba wapewe nusu mbele ili wanunue sombe na karanga siku moja kabla, na wapewe maji, pipa mbili. Wanaume watakaotaka kula wataleta mchango wao asubuhi mlangoni, na mweka hazina ameombwa amuulize kila mmoja, kabla ya kumwandika, kama ameacha feza ya mboga nyumbani.